Alwin Hasselbrink, Mchongezi wa Sinema

Watu wengi wa Hamburg walimjua Alwin Hasselbrink kwa sura na wasimjue kwa jina. Alikuwa na uso mrefu wa mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi, macho yaliyokaa mbalimbali, na mdomo mwembamba ambao hata akicheka ulionekana kama unaomba radhi. Uso huo ndio uliomlisha. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha na picha za sinema zikaanza kupigwa tena, kwanza katikati ya magofu, baadaye katika mabanda makubwa yaliyojengwa pembeni mwa mji, kila hadithi ilihitaji bawabu wa hoteli, karani wa mahakama, daktari anayetoka chumbani akitikisa kichwa, mtumishi anayemkuta tajiri amekufa sakafuni. Wenye sura nzuri walipewa mapenzi. Alwin alipewa milango ya kufungua.

Tena alikuwa hodari wa kufa. Waongozaji walipenda alivyoanguka, hana mbwembwe, kama koti linaloteleza kutoka kwenye msumari. Bi Knaack, mjane mnene mwenye ulimi mwepesi aliyempangisha chumba, alikuwa akimngoja jikoni jioni na sufuria ya supu ya njegere.

"Haya, leo umekufaje, Bwana Hasselbrink?"

"Nimesukumwa ngazini."

"Na nani?"

"Mjomba wake bibi harusi."

"Afadhali ngazi. Juzi walikupiga risasi ukaniletea shati limelowa rangi nyekundu, nikalifua mpaka vidole vikaota malengelenge. Waambie wawe wanakunyonga. Kunyongwa hakuchafui nguo."

"Nitawaambia, Bi Knaack."

"Kula. Hata maiti lazima ale."

Alikula, akashukuru, akapanda chumbani. Kulikuwa na kitanda, kabati, kiti kimoja, na dirisha linalotazama ukuta wa nyumba ya pili. Bi Knaack alikuwa amemwambia tangu mwanzo kwamba akihitaji kiti cha pili kwa ajili ya mgeni aseme tu, kipo ghalani. Miaka ilipita na kiti kile kikabaki ghalani.

Hakuzaliwa Hamburg. Kwao kulikuwa Stettin, bandarini, mwana wa msokota kamba. Baba yake alitaka naye asokote kamba. Yeye akakimbilia majukwaa ya miji midogo, akacheza wafalme wazee angali kijana kwa sababu hata wakati huo uso wake ulikuwa umetangulia umri. Akaoa mshona mavazi wa jukwaani, Irmela, mwanamke mfupi mwenye pini mdomoni tangu asubuhi hadi jioni, aliyekuwa akimsemesha kwa kukunja uso tu, na yeye akamwelewa. Vita vilipokuja hakupewa bunduki. Walimtia katika kikundi cha kuwaburudisha askari, wakazungushwa kwa malori kutoka kambi hadi kambi, yeye akivaa gauni na kuigiza mama mkwe. Askari walicheka mpaka machozi. Siku moja, akiwa bado na poda usoni, aliitwa nje akaambiwa kwamba mabomu yameangukia mtaa wao na Irmela hayupo tena.

Vita vilipokwisha, Stettin ilikuwa mji wa nchi nyingine. Akaja Hamburg kwa sababu tu mwenzake mmoja aliwahi kumwambia huko kutakuwa na kazi. Hakuwa na mtu. Na katika miaka ile, kila mtu akiwa anamtafuta mtu wake, uso wa Alwin ulimletea visa. Mara moja, akiwa kwenye foleni ya samaki, mwanamke aliyevaa mavazi ya msiba alimshika mkono kwa nguvu.

"Ewald! Ewald, shemeji, ni wewe?"

"Hapana, bibi. Samahani sana. Mimi siye."

"Lakini nimekuona. Nimekuona ukifungua mlango…"

"Umeniona kwenye picha, bibi. Ni kazi yangu."

Yule mwanamke aliuachia mkono taratibu, akaondoka kwenye foleni bila kununua samaki. Alwin akarudi nyumbani akiwa na huzuni ya kutokuwa Ewald. Angalau Ewald alikuwa anatafutwa.

Mtu mmoja tu alikuwa akimfurahia Alwin kwa kuwa ni Alwin, naye ni Wilko Tietjens, mwenye duka la tumbaku na magazeti pale kwenye kona, hatua chache kutoka kwa Bi Knaack. Tietjens alikuwa mjane pia, mtu wa makamo, mfupi, safi kama sahani iliyooshwa, sauti yake ya chini. Ilikuwa raha kuzungumza naye. Mtu alikuja kununua sigara akajikuta amesimama nusu saa akieleza habari za mkwewe, figo zake, bosi wake. Tietjens hakumkatiza mtu. Aliinamisha kichwa upande mmoja, asikutazame usoni ukaona haya, na kwa ubavu wa kiganja akawa anakusanya chembechembe za tumbaku zilizomwagika juu ya kaunta, polepole, akizifanya kichuguu kidogo. Ukisita, alisema kwa upole, "Si wewe peke yako unayesema hivyo, bwana." Basi ukaendelea.

Mchezo wao ulikuwa drafti. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana Alwin alipitia mlango wa nyuma wa duka, wakatandika ubao, wakala mkate mweusi na samaki wa siki, wakanywa kidogo. Kwa miaka waliitana "Bwana Hasselbrink" na "Bwana Tietjens", kama inavyopasa. Kisha Jumapili moja ya baridi kali Tietjens akamimina glasi mbili, akasimama, akasema kwa haya kidogo:

"Mimi ni Wilko."

"Na mimi ni Alwin."

Wakapitishana mikono yenye glasi, kama wafanyavyo watu wa huko wanapoanza kuitana kwa jina la kwanza, wakanywa. Alwin alipotoka pale alikuwa anatembea kama mtu aliyepewa nishani. Tangu Irmela afe, hakuna kinywa kilichokuwa kimemwita kwa jina lake la kwanza. Ni Wilko peke yake ambaye Alwin alimwambia habari za Irmela. Za zile pini, na zile siku alizozungushwa kwenye malori akivaa gauni ilhali mkewe yuko chini ya kifusi. Hakuwa amemweleza mtu mwingine. Wilko alisikiliza, akakusanya makombo ya mkate, akasema, "Si wewe peke yako, Alwin."

Sasa, Alwin alikuwa na tabia ambayo kila mwigizaji wa kweli anayo, ya kudonoa kwa watu kama kuku. Namna Bi Knaack anavyovuta pumzi kabla ya kupanda ngazi, namna kondakta wa tramu anavyolamba kidole, namna mchungaji anavyoshika kofia yake kaburini, vyote vilikuwa ndani yake, vimejaa kama vitambaa kwenye kapu la fundi cherehani. Hakuvichukua kwa dhihaka. Mara nyingi hata hakujua amevichukua, mpaka siku ya kuvihitaji.

Siku hiyo ilifika katikati ya miaka ya hamsini. Mwongozaji mmoja aliyeitwa Rainulf Bock, mtu mkavu mwenye sigara isiyozimika, alikuwa anapiga picha juu ya jengo moja la wapangaji wakati wa vita. Ndani yake kulikuwa na msimamizi wa jengo ambaye anakunywa kahawa na mwanamke wa ghorofa ya juu. Mwanamke anateleza ulimi, anasema vita tumeshashindwa, neno ambalo wakati ule liliweza kumwua mtu. Kesho yake wanakuja watu wenye makoti ya ngozi, polisi wa siri, kumchukua. Sehemu ya msimamizi ilikuwa ndogo, lakini kwa Alwin ilikuwa kubwa, kwa sababu safari hii hakufa na wala hakufungua mlango. Alikaa mezani.

Akacheza mara ya kwanza. Akacheza mara ya pili, akikaza macho na kuvuta mdomo. Bock akainua mkono.

"Bwana Hasselbrink, unanichezea ubaya."

"Mtu huyu si mbaya?"

"Kama angeonekana mbaya, mama huyu angefunga mdomo wake akanywa kahawa. Sitaki ubaya. Niletee mtu ambaye hata mimi ningemwambia kila kitu."

Wakapumzika kwa chakula. Alwin alikaa kwenye sanduku la vifaa na soseji yake, akajiuliza: mimi ningemwambia nani kila kitu? Hakuhitaji kufikiri sana.

Waliporudi, taa zikawashwa. Mwigizaji mwenzake, mama mmoja kutoka jukwaa kubwa la mjini, akaanza maneno yake. Alwin akainamisha kichwa upande mmoja. Akayaangusha macho mezani, na kwa ubavu wa kiganja akaanza kukusanya makombo ya keki, taratibu, kana kwamba hana haraka yoyote duniani. Mama akafika kwenye lile neno, akasita, kama ilivyoandikwa. Alwin akasema jambo ambalo halikuandikwa.

"Si wewe peke yako unayesema hivyo, mama."

Na yule mama, aliyekwisha kucheza majukwaani miaka mingi, akalegea mabega kweli, akamwaga yote. Makombo yakawa kichuguu. Alwin akakitazama kichuguu kile, akakifuta kwa kiganja kikaingia katika mkono wa pili.

Bock alichelewa kusema "kata". Fundi wa taa, mtu mzima mwenye mvi, akashuka ngazi yake akatoka nje, akakaa huko akivuta sigara mpaka wakamtuma mtu kumwita.

"Umeitoa wapi hiyo?" Bock akamwuliza Alwin pembeni.

"Kwa rafiki yangu," Alwin akajibu, na moyo wake ukiwa umejaa. Aliona amempa Wilko zawadi.

Picha ilipofika katika jumba la sinema la mtaani mwao, magazeti yalikuwa yamekwisha kuandika. Kwa mara ya kwanza jina lake lilichapishwa bila kukosewa. Alwin akanunua tiketi mbili akapita dukani.

"Jumapili hatuchezi drafti," alisema. "Jumapili nakupeleka sinema. Na usiniulize, kuna kitu nataka ukione."

"Umepewa busu hatimaye?" Wilko akamtania. "Na mbuzi gani?"

"Utaona mwenyewe. Vaa kola safi."

Wakaenda. Jumba lilijaa, kulikuwa na Bi Knaack safu za nyuma na shoga zake, na karibu nusu ya mtaa. Alwin alikaa akiwa na shauku kama bwana harusi. Meza ilipoonekana kwenye kitambaa cheupe, na kahawa, na makombo, alimgusa Wilko kwa kiwiko, kidogo tu. Wilko hakugeuka. Ule mkono mkubwa kama nyumba ukaanza kutembea mezani. "Si wewe peke yako unayesema hivyo, mama." Alwin akasikia pembeni yake pumzi ikivutwa, na baada ya hapo hakusikia pumzi tena. Akafikiri, ameguswa. Mahali fulani nyuma mtu alisema "Ee Yesu" kwa sauti ndogo, na mwingine akamnyamazisha.

Nje mvua ilikuwa inanyesha. Watu walitoka bila kelele, wakifungua miavuli, na Alwin akashangaa kidogo kwamba hakuna aliyekuja kumpa mkono. Wilko alitembea mbele mpaka chini ya ubaraza wa duka la viatu, akasimama hapo. Uso wake ulikuwa hauna damu.

"Nani alikwambia?"

"Aliniambia nini, Wilko?"

"Usinifanye mtoto. Nani? Ni Knaack? Ni yule mwoka mikate?"

"Sikuelewi. Nilikuwa nakutazama tu pale dukani. Unavyosikiliza. Hakuna mtu anayesikiliza kama wewe, basi nikasema…"

Hakumaliza. Wilko alikuwa anamkodolea macho, na Alwin, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma nyuso, akaona kitu kikivunjika ndani ya uso ule hatua kwa hatua. Kwanza ghadhabu ikatoka. Ikaja mashaka. Kisha ukaja ufahamu, mbaya kuliko ghadhabu: kwamba hakuna aliyemwambia Alwin lolote, na kwamba sasa amekwisha kuambiwa, na Wilko mwenyewe.

"Hukujua," Wilko akasema. "Mungu wangu. Wewe hukuwa unajua kitu."

Maji yalichuruzika kutoka paani. Alwin akanyoosha mkono amshike bega. Wilko akarudi nyuma hatua moja, akagusa kofia yake.

"Kwaheri, Bwana Hasselbrink," alisema, akaingia mvuani.

Jioni ile supu ilikuwepo mezani, lakini Bi Knaack hakuuliza amekufaje. Alikuwa amekaa na koti lake bado mwilini.

"Bi Knaack," Alwin alisema, "Bwana Tietjens alifanya nini?"

"Kula kwanza."

"Alifanya nini?"

Mama yule alikwaruza kitambaa cha meza kwa ukucha. "Wakati wa vita, juu kwetu, ghorofa ya tatu, alikuwapo Bi Thekla Cordes. Mwalimu wa piano. Mwembamba, mwoga wa panya. Alikuwa akinunua gazeti pale kila asubuhi, anapenda kuongea, maskini, si unajua mtu anayeishi peke yake. Alisema neno. Kesho kutwa yake wakaja kumchukua. Haya, basi."

"Akarudi?"

"Wewe nawe! Wangapi walirudi?"

"Na mlijua ni nani?"

"Mwenyewe alinieleza jioni ile kwamba aliposema neno lile dukani hapakuwa na mtu wa tatu. Mtaa mzima ulijua."

"Na mkaendelea kununua sigara kwake."

Hapo Bi Knaack akapandisha sauti. "Tungenunua kwa nani? Wakati ule ungeacha kununua kwake ungeulizwa kwa nini. Baadaye vita vikaisha, duka lipo, yeye yupo, anakukopesha kiberiti, anakuuliza habari za goti lako. Mtu atafanya nini, amtemee mate? Tulikuwa tumekwisha tulia, Bwana Hasselbrink. Miaka kumi tumetulia. Ukaja wewe na makombo yako."

"Sikujua."

"Ndiyo maana sikufukuzi," alisema, akainuka kumwongezea supu ambayo hakuomba.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na katika mtaa ule kata zilikuwa nyingi. Mgeni alikuwa mmoja tu. Sasa walimwonea kinyongo. Hakuna aliyemtukana. Walikuwa tu wanaona shughuli nyingine anapopita. Mwoka mikate alimhudumia bila neno, kama mashine. Wanawake kwenye ngazi walikatisha mazungumzo, wakamwambia "Habari za asubuhi" kwa sauti kavu, wakangoja apite. Yeye, aliyekuwa ameigiza mtu anayeambiwa kila kitu, akawa mtu ambaye hakuna anayefungua mdomo mbele yake. Duka la tumbaku lilibaki wazi miezi michache, kisha Tietjens akaliuza, akahamia Cuxhaven, mji wa pwani, kwa dada yake. Hakuaga mtu, wala hakuna aliyeuliza.

Kazini mambo yalikuwa kinyume. Simu iliyokuwa ikilia jikoni kwa Bi Knaack mara chache ikawa hailali. Kila mwongozaji alimtaka yule mtu wa makombo. Akacheza karani mchongezi, mchungaji mchongezi, mwalimu mchongezi, jirani anayesikiliza ukutani. Wengine walimwambia waziwazi, "Tufanyie ile ya mkono." Akaifanya mara mbili tatu. Safari moja, katikati ya kuifanya, mkono ukagoma. Akawaambia ana maumivu ya kifundo. Wakampa glavu.

Majira ya kuchipua yaliyofuata alipanda treni kwenda Cuxhaven. Hakujua anakwenda kusema nini. Dada yake Tietjens, mwanamke mrefu mwenye aproni, alimtazama kwa muda mlangoni, akamwonyesha kwa kidole ukuta wa bahari. Tietjens alikuwa amekaa kwenye benchi, amejifunga shali, anatazama matope ambayo maji yalikuwa yameyaacha. Alikuwa amekonda. Mikono yake yote miwili ilikuwa mifukoni.

"Keti, Bwana Hasselbrink. Njia ni ndefu kutoka mjini."

Alwin akaketi. Upepo ulivuma.

"Umenicheza vizuri," Tietjens akasema. "Nilikuwa sijui kwamba nafanya hivyo. Mtu hajioni akisikiliza. Sasa nikiwa mezani na dada yangu, nashindwa kuyagusa makombo. Anafuta yeye."

"Kwa nini ulifanya, Wilko? Simaanishi mkono."

"Nilijua unamaanisha nini." Akatazama matope. "Wale wenye makoti ya ngozi walikuwa wanapita dukani kila wiki. Habari gani Tietjens, watu wanasema nini Tietjens. Miezi mingi nikawaambia watu wanasema hali ya hewa. Wakaanza kuuliza kama nataka kibali cha tumbaku kiendelee. Nikawapa jina moja. Nilidhani watamkemea tu. Mwanamke, mwalimu wa piano, wangemfanya nini? Watamtisha, atajifunza kufunga mdomo. Hivyo ndivyo nilivyojiambia."

"Na baadaye?"

"Baadaye nikauza tumbaku."

Ndege wa pwani walikuwa wanadonoa kwenye matope. Alwin alikuwa amekuja na hasira, lakini aliitafuta asiione vizuri. Na alikuwa amekuja na huruma, nayo vilevile haikutulia. Tietjens akageuka, akamtazama usoni, jambo ambalo hakuwa amezoea kulifanya.

"Na wewe? Mwaka ule ulikuwa wapi?"

"Unajua nilikuwa wapi. Nilikuambia yote."

"Nikumbushe."

"Nilikuwa nawachekesha askari."

"Ehe," Tietjens akasema. "Wakacheka, wakapata nguvu, wakaendelea." Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayesogeza kete.

Alwin angeweza kusema kwamba hayo si sawa, na kweli hayakuwa sawa, watoto wangeliona hilo. Lakini neno lilikuwa limeingia mahali ambapo majibu hayafiki. Wakakaa hivyo mpaka dada mtu akaja kusema kahawa ipo tayari kwa kaka yake, bila kutaja mgeni. Tietjens akainuka.

"Ulikuwa ukinifunga sana kwenye drafti, kwa ile pembe ya kushoto," alisema. "Sikuwahi kujua unavyofanya."

"Ningekuonyesha."

"Hapana. Usije tena, Alwin."

Akaenda zake na dada yake. Lile jina alilomwita Alwin alilibeba kwenye treni mpaka nyumbani, asijue kama amerudishiwa au ameagwa nalo. Tietjens alikufa majira ya baridi ya mwaka huohuo. Alwin alipata habari kwa Bi Knaack, naye alizipata kwa mwoka mikate, na mwoka mikate hakusema alizipata kwa nani.

Tangu hapo Alwin alikataa kila mchongezi aliyeletewa. Bock mwenyewe alimpigia simu.

"Wewe ni mjinga? Umengoja maisha yako yote watu wakuite, sasa wanakuita."

"Wanamwita mtu mwingine," Alwin alisema.

Simu ikazoea tena kunyamaza. Akapata kazi ya kutia sauti katika picha za kigeni, amesimama gizani mbele ya kipaza sauti, akiwasemea masherifu wa Amerika na mapadri wa Italia. Aliipenda kazi ile; haikuhitaji uso. Zilipokuja zile picha za mauaji za miaka ya sitini zenye ukungu na majumba ya Waingereza, akacheza watumishi kadhaa wanaouawa mapema. Kisha wakaja vijana wenye nywele ndefu wakatangaza kwamba sinema ya baba zao imekufa, na Alwin alipoisoma habari ile gazetini hakuona kosa ndani yake. Mtaani watu waliisahau ile picha, au walizoea kutoikumbuka. Mwoka mikate akafa, wapangaji wapya wakaja ambao walimwamkia vizuri kwa sababu hawakujua lolote. Bi Knaack alizeeka mpaka akawa hawezi ngazi, wanawe wakampeleka Bremen. Alipokuwa anapakiwa garini alimshika Alwin kidevu kama anayekagua kiazi.

"Ulikuwa mpangaji mzuri," alisema. "Kimya. Laiti ungekuwa na kelele kidogo, ningekuoa."

"Hukusema, Bi Knaack."

"Na wewe hukuuliza, bwege wewe."

Akacheka, akalia, mlango ukafungwa. Alwin akabaki na funguo za nyumba nzima kwa juma moja, mpaka wenye nyumba wapya walipofika.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, ya siku moja. Mwongozaji alikuwa mmoja wa wale vijana, mpole kuliko maneno aliyoyaandika. Walikuwa wanapiga picha barabarani Altona, mtaa mmoja wa Hamburg, kamera dirishani, hakuna banda wala pazia. Alwin alitakiwa atoke katika duka la mikate, avuke barabara, apotee kwenye kona.

"Ni hayo tu, mzee," kijana alisema. "Huna neno la kusema. Tulikutaka wewe kwa ule mwendo wako."

"Mtu huyu anakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Kwa nani?"

Kijana akawatazama wenzake, akatabasamu. "Hatujaamua. Kwani ina haja?"

"Ina haja. Mtu anayengojwa hatembei kama asiyengojwa."

"Basi amua wewe, mzee."

Alwin alifikiri, ameshika mfuko wake wa mikate. Wakamwashiria. Akatoka dukani, akasimama ukingoni mwa njia akaliacha gari la maziwa lipite, akavuka. Wale waliokuwa dirishani walisema baadaye kwamba hawakuweza kujua aliamua nini. Ila mpiga kamera alimfuata kwa lenzi mpaka pembeni, na alipopotea akaendelea kuishikilia ile kona tupu bila kuambiwa.

Walimngoja arudi ili wamshukuru. Lakini koti alilokuwa amevaa lilikuwa lake mwenyewe na kofia ilikuwa yake, na kituo cha treni kilikuwa karibu. Alikuwa amekwisha kwenda zake, na mikate bado ina joto.